Daftari la Kangemi: mashabiki wa Ingwe na msimu usio na mdhamini

Ukimuuliza shabiki yeyote wa AFC Leopards, klabu ya soka ya Kenya, aliyekuwa katika tawi letu la mashabiki la Kangemi, Nairobi, kilichotokea msimu wa 2019/2020, atakujibu bila kusita kwamba sisi ndio tulioiokoa klabu. Nami nimelisema hilo mara nyingi, ndani ya matatu, matangani, hata mbele ya mashemeji wa Gor Mahia, wapinzani wetu wa jadi, ambao hawana subira na hadithi zetu. Nilichanga, nilihudhuria vikao, nilibeba katoni za maji. Lakini mweka hazina wetu alipohama mtaa akaniachia daftari la michango ambalo miaka hiyo yote lilikuwa limelala chini ya godoro lake, nililisoma ukurasa kwa ukurasa na nikaona kwamba kumbukumbu zetu na maandishi yetu wenyewe hayasemi jambo moja. Hapa ninajaribu kuchambua tofauti hiyo, yaani tuliokoa nini hasa, na ni kipi kilichookolewa na mambo mengine ambayo hatupendi kuyataja.

Kwa asiyeijua klabu hii, maneno machache yatatosha. Ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ikabadilishwa jina mwaka 1980 wakati serikali ilipoagiza vilabu viache majina ya kikabila, na tangu hapo ikawa AFC Leopards, ingawa mashabiki humwita chui wao kwa lugha ya nyumbani, Kiluhya: Ingwe. Ilitwaa Kombe la Vilabu la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1984. Ubingwa wake wa mwisho wa ligi ni wa mwaka 1998. Vijana wengi wanaoishangilia leo hawajawahi kuiona ikibeba ligi, wamesimuliwa tu na baba zao jinsi Joe Kadenge alivyokuwa akiwachezesha mabeki kindumbwendumbwe.

Chanzo cha msukosuko wenyewe kinajulikana na hakina siri. Katika miaka hiyo AFC Leopards na Gor Mahia zote zilitegemea mdhamini mmoja, kampuni ya kamari ya SportPesa, ambayo jina lake lilikuwa pia kwenye ligi yenyewe. Dalili ya hatari ilionekana mapema: Januari 2018, kodi ya michezo ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35, kampuni hiyo ilisitisha udhamini wote wa ndani ya nchi, kisha ikarudi baadaye mwaka huo huo. Tungekuwa watu wa kujifunza, miezi ile ingetosha kutufundisha. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari kwa sababu ya mzozo wa kodi, na mwezi uliofuata SportPesa ikaondoa udhamini wake kabisa. Msimu ulikuwa mlangoni, wachezaji walikuwa wameshasajiliwa, mikataba ilikuwa imeshatiwa saini, na chungu ambacho mishahara ilikuwa ikitoka kikabaki kitupu.

Hapa inafaa kueleza jinsi klabu inavyokufa katika ligi yetu, kwa sababu mashabiki wengi hudhani klabu huuawa na deni. Deni huiumiza klabu polepole, na klabu inaweza kuishi nalo miaka mingi. Kinachoua ni kutofika uwanjani. Timu isipotokea, mpinzani hupewa ushindi wa mezani. Ikifanya hivyo mara tatu, hufukuzwa ligini, na matokeo yake yote hufutwa kana kwamba haikuwahi kucheza. Jambo hili halikuwa nadharia msimu ule. Sony Sugar ya Awendo, klabu iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 2006, ilishindwa kufika kwenye mechi zake kwa kukosa fedha na ikatimuliwa Novemba 2019, ligi ikiwa bado changa. Tulizisikia habari hizo tukiwa kikaoni, na nakumbuka chai ilivyopoa vikombeni.

Kwa hiyo swali la kila wiki halikuwa kama wachezaji watalipwa. Lilikuwa kama watafika. Ligi ya msimu ule ilianza na timu 18, nyingine zikiwa Mombasa, nyingine Kisumu, Kericho, Bungoma na Kakamega. Safari ya Mombasa ni karibu kilomita 480 kwenda tu. Timu inahitaji basi na mafuta, dereva, chakula cha njiani, mahali pa kulala usiku mmoja, chakula cha asubuhi na maji ya mchezo. Hata mechi ya nyumbani ina gharama zake, kwa sababu mwenyeji ndiye anayekodi uwanja, anayelipa walinzi na anayeleta ambulensi, na bila ambulensi refa hapulizi kipenga. Juu ya hayo, Uwanja wa Nyayo ulikuwa umefungwa kwa ukarabati tangu 2017, hivyo timu ilikuwa ikihamahama, na timu inayohamahama haijui wiki ijayo itapata watu wangapi langoni.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, lile ambalo wenye maduka huandikia mikopo. Kwa kweli lilikuwa la duka: kurasa nane za mwanzo ni madeni ya unga na sukari ya watu waliokwisha kuhama Kangemi, kisha mstari mnene umepigwa kwa rula, na chini yake yameandikwa maneno INGWE MCHANGO. Kila ukurasa una safu nne, yaani tarehe, jina, kiasi, na herufi chache za mwisho za ujumbe wa M-Pesa. Kiasi kinachojirudia zaidi ni mia mbili. Zipo hamsini hamsini nyingi, hasa kuelekea mwisho wa mwezi. Mia tano ni chache, na elfu moja zimo nne tu katika daftari zima. Mtu mmoja hakuandikwa jina, ameandikwa fundi wa viatu pale stegi, na maneno hayo yanatokea kila Ijumaa bila kukosa kuanzia Septemba hadi Machi, hamsini, hamsini, hamsini.

Upande wa matumizi unasema mengi zaidi. Mafuta ya basi, nusu. Maji, katoni tatu. Bendeji na dawa ya kupuliza. Nauli ya kijana wa timu ya pili kutoka Kawangware hadi mazoezini, wiki mbili. Ndizi. Kuna mahali pameandikwa ngozi ya mtoto, na mke wangu alipousoma mstari huo alishtuka, hadi nilipomweleza kwamba ngoma za isukuti, zile za Kiluhya, ni tatu, baba, mama na mtoto, na kwamba ile ndogo ilipasuka tukiwa jukwaani. Palizuka ubishi mkubwa kikaoni kama fedha za kuokoa timu zinafaa kutengenezea ngoma. Mzee mmoja, fundi seremala, alimaliza ubishi kwa kusema kwamba timu ikifika uwanjani ikute kimya itadhani imekuja matangani. Tukalipa.

Na kuna mstari mmoja wa Novemba ambao ningependa watoto wangu wausome. Umeandikwa Shemeji, 500. Tarehe yake ni siku chache baada ya Gor Mahia kutufunga mabao 4 kwa 1. Aliyetoa ni jirani yetu, Mjaluo wa Siaya na shabiki wa kufa na kupona wa wapinzani wetu, aliyekuja kikaoni akiwa amevaa kijani, akacheka sana, akatoa noti na kusema kwamba hataki tufe kwa sababu hatapata mtu mwingine wa kumfunga vizuri namna hiyo. Klabu yake nayo ilikuwa katika hali ile ile, haina mdhamini, na mashabiki wake walikuwa wakichanga vilevile. Ndiyo maana pambano hili huitwa la mashemeji: matusi yapo, lakini mahari ilishalipwa.

Sasa nije kwenye kile ambacho daftari halikubaliani nacho. Katika kumbukumbu ya tawi, sote tulichanga, na tulichanga sana. Niliwauliza wenzangu kumi na wawili, mmoja mmoja, kila mmoja alitoa kiasi gani kwa msimu mzima. Wanne tu walitaja kiasi kilichokaribia kile kilichoandikwa. Wengine walikuwa wameongeza maradufu au zaidi, na wawili waliokumbuka vizuri kabisa jinsi walivyotoa hawamo daftarini hata mara moja. Sidhani kwamba walinidanganya. Walikuwepo vikaoni, walipiga kelele jukwaani, walilipa kiingilio, na baada ya miaka michache mambo hayo yote yameyeyuka yakawa kitu kimoja kinachoitwa mchango. Nami, niseme ukweli, nilijiona nimetoa kila mwezi. Desemba na Januari jina langu halipo. Karo ya shule ilikuwa imenikaba, nikakumbuka nia na kusahau kwamba mfuko ulikuwa mtupu. Aliyekuwepo wiki zote ni fundi wa viatu, na hakuna hadithi ya tawi ambayo yeye anatajwa.

Tofauti ya pili ni ya wakati. Wazee wa tawi wakisimulia msimu ule huingiza ndani yake viwanja vya vumbi visivyo na viti, wachezaji wakibadilisha nguo nyuma ya gari, na kurudi Ligi Kuu kwa shangwe. Hayo yalitokea, lakini hayakutokea 2019. Ni ya katikati ya miaka ya 2000, klabu iliposhuka daraja na kuzama kwenye ligi ya chini hadi ilipopanda tena na kurejea Ligi Kuu mwaka 2009. Msimu wa 2019/2020 timu haikushuka, wala haikukaribia kushuka; ligi iliposimama ilikuwa katika nusu ya juu ya jedwali. Wazee wameunganisha misiba miwili wakapata mmoja mkubwa wenye mwanzo, katikati na ushindi mwishoni. Ninaelewa kwa nini, kwa sababu kisa cha kweli cha 2019 hakina mwisho wa namna hiyo.

Desemba 2019 mkufunzi Casa Mbungo, Mnyarwanda aliyekuwa ameipokea timu mwezi Februari, katika msimu uliotangulia, ikiwa inachungulia kaburi la kushuka daraja na akaivuta juu, aliondoka kwa sababu ya mishahara aliyokuwa akiidai. Wachezaji kadhaa waliondoka kwa sababu hiyo hiyo, hasa wa kutoka nje ya nchi, ambao hawakuwa na shangazi wa kuwapa chakula hapa Nairobi. Timu ikaachwa mikononi mwa Anthony Kimani, nahodha wa zamani, pamoja na wachezaji waliobaki na vijana. Katika simulizi letu kipindi hiki hupitwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mchango wetu haukugusa mishahara hata kidogo. Nilijumlisha kila mstari wa daftari kutoka mwanzo hadi mwisho, na jumla yake isingelipa benchi la ufundi kwa mwezi mmoja. Matawi yalikuwa mengi, na sijumlishi ya wengine, lakini sina sababu ya kudhani kwamba fundi wa viatu wa Kawangware alikuwa tajiri kuliko wa kwetu.

Halafu kuna jambo la tatu, ambalo lilizua kelele nilipolitaja kikaoni. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na ligi ikasimama. Safari zikakoma. Basi halikuhitaji mafuta, uwanja haukuhitaji kukodiwa, ambulensi haikuhitaji kuitwa. Mwezi uliofuata shirikisho la soka la Kenya, FKF, likaufunga msimu na kuitangaza Gor Mahia kuwa bingwa. Daftari linaonyesha kwamba kuanzia mwishoni mwa Januari michango ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu watu walikuwa wamechoka, na katika wiki mbili za mwanzo za Machi majina yaliyomo ni saba. Siwezi kuthibitisha kwamba tungeshindwa kuendelea hadi mwisho wa msimu, lakini kurasa zenyewe zinaelekea huko. Ugonjwa uliowaua watu wetu na kuwafungia wengi riziki uliipa klabu pumziko ambalo sisi hatukuwa na uwezo tena wa kuipa. Wenzangu walisema kwamba kusema hivyo ni kukosa adabu. Labda. Kuna kejeli nyingine ndogo, nayo ni kwamba katikati ya Machi hiyo hiyo ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi elfu moja kwa M-Pesa iliondolewa, ili watu waache kushikana noti. Mia mbili zetu, ambazo kila mara zilikuwa zikikatwa shilingi kadhaa njiani, sasa zingefika nzima, na hakukuwa tena na basi la kujazia mafuta.

Katikati ya mwaka 2020 alipatikana mdhamini mpya, Betsafe, kampuni nyingine ya kamari, iliyozichukua Leopards na Gor kwa pamoja, kama ilivyokuwa mwanzo. Tulishangilia. Hakuna aliyeuliza kikaoni, nami simo miongoni mwa walionyamaza kwa hekima, kama ni busara kurudi kuketi juu ya tawi la mti ule ule uliokuwa umetuangusha.

Madeni ya mishahara hayakufa. Waliodai walikwenda FIFA, na mwaka 2021 klabu ikazuiwa kusajili wachezaji wapya hadi iwalipe. Gor Mahia nayo ilipata adhabu ya aina hiyo. Mkufunzi aliyekuja, Mbelgiji Patrick Aussems, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifikisha Simba ya Dar es Salaam robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, alilazimika kujenga kikosi kwa vijana. Kwa hesabu ya haki, basi, ile dharura tunayosema tuliimaliza mwaka 2020 ilikuwa imeahirishwa tu, na waliobeba mzigo wa kuahirishwa kwake ni wale wachezaji walioondoka bila haki yao. Nao wana kumbukumbu yao ya msimu ule. Sijawahi kusikia mtu wa tawi letu akiitafuta.

Mwezi ule ule SportPesa ilipoondoka, tarehe 27 Agosti 2019, klabu ya Bury ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1885, ilifukuzwa kwenye ligi yao kwa sababu ya fedha, na mashabiki wake waliokuwa wamejitokeza na fagio kusafisha uwanja wakarudi nyumbani. Tulizungumza sana juu yao hapa Kangemi. Ila mfano unaonifaa zaidi ni wa Portsmouth, ambako mashabiki waliinunua klabu yao Aprili 2013 kupitia chama chao, kila mmoja akichukua hisa ya pauni 1,000, wakaikalia hadi Agosti 2017 walipomuuzia tajiri wa Marekani kwa kupiga kura. Pauni 1,000 si fedha za Kangemi, na sitaki mtu aseme ninalinganisha tembo na sungura. Ninachokitazama ni kile walichokipata kwa fedha zao. Aliyetoa alishika karatasi, na karatasi ilikuwa na kura, na kura ndiyo iliyoamua klabu iende wapi. Sisi tulitoa kama tunavyotoa kwenye harambee ya mazishi au ya hospitali: unatoa, jina linasomwa, watu wanapiga makofi, na kesho yake huna swali la kuuliza. Hatukudai risiti hata moja. Nimelipekua daftari zima na hakuna mahali tulipoandika kwamba aliyepokea ametia saini.

Na hilo halikuwa lazima. Klabu yetu ni ya wanachama, mwanachama aliyelipa ada yake ndiye mwenye kura ya kuchagua uongozi, na mwaka huo huo wa 2019 ndipo Dan Shikanda, daktari aliyewahi kuichezea Ingwe, alipochaguliwa kuwa mwenyekiti. Niliwahesabu watu wa daftari ambao wakati ule walikuwa wanachama waliosajiliwa. Ni sita. Fundi wa viatu hayumo. Kwa hamsini zake za Ijumaa angekuwa amelipa ada akabakisha, lakini hakuna aliyemwambia, nami nilipita mbele ya kibanda chake kila siku nikienda stegi.

Baada ya kuyaandika haya yote nisieleweke kwamba ninasema hatukufanya kitu. Kati ya Septemba na Machi timu ilifika uwanjani, na klabu iliyoanza msimu nayo katika ligi moja haikufika, ikafukuzwa. Katoni tatu za maji na nusu ya mafuta ni kitu kwa mtu aliyeko barabarani. Kijana aliyelipiwa nauli ya wiki mbili aliendelea kufika mazoezini. Julai 2021 timu ilifika fainali ya Kombe la FKF dhidi ya Gor Mahia, ikatoka sare ya 0–0 na kupoteza kwa mikwaju ya penalti, na ngoma ya mtoto, ile yenye ngozi tuliyoilipia, ililia jioni nzima uani kwa jirani kwa sababu tuliitazama mechi kwenye runinga. Tulinunua muda. Neno kuokoa ndilo linaloniletea taabu, kwa sababu aliyeokoa huenda zake nyumbani kulala, ilhali muda ulionunuliwa huisha.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi una tarehe ya Machi 2020. Yapo majina yale saba, yapo malipo ya awali ya basi kwa safari ambayo haikufanyika na ambayo mwenye basi alirudisha yote, na chini kabisa, kwa kalamu ya rangi tofauti, imeandikwa baki 1,850. Fedha hizo mweka hazina alinitumia siku ile ile aliyonikabidhi daftari, na ziko kwenye simu yangu hadi leo. Nimeliweka jambo hilo mbele ya tawi mara mbili. Mara ya kwanza walitaka tununue fulana. Mara ya pili nilipendekeza tumlipie fundi wa viatu ada ya uanachama na zinazobaki tuwaongezee wengine wawili, na kikao kikaahirishwa kwa sababu mechi ilikuwa inaanza.